Vichanga wa samaki na harufu ya adui: uchambuzi wa kisa cha pH 7.8

Mwaka 2009 Philip Munday wa James Cook University, Australia, na wenzake sita walichapisha katika jarida la PNAS matokeo ambayo bado yanabishaniwa. Walichukua vichanga wa Amphiprion percula, yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe aishiye kati ya minyiri ya anemoni, wakawalea katika maji ya bahari ya aina tatu: pH 8.15 kama ilivyo baharini, pH 7.8, na pH 7.6 (pH ikishuka, maji yanakuwa na asidi zaidi). Siku ya 11, kichanga anapokuwa tayari kuacha maji ya wazi na kutafuta makazi mwambani, aliwekwa peke yake kwenye mfereji wenye mikondo miwili na kuachwa achague. Waliolelewa kwenye pH 8.15 walifuata harufu ya anemoni na ya majani ya miti ya visiwani, wakakwepa harufu ya wazazi wao na ya mti mmoja wa kinamasi. Wa pH 7.8 walifuata hata zile harufu ambazo wenzao walizikimbia. Wa pH 7.6 hawakujali harufu yoyote.

Mwaka uliofuata Danielle Dixson, Munday na Geoffrey Jones wakatoa jambo zito zaidi katika Ecology Letters. Safari hii upande mmoja wa mfereji ulipita maji aliyokaa chewa. Vichanga wa kawaida waliyakwepa tangu siku waliyoanguliwa, bila kufundishwa na yeyote. Waliolelewa kwenye maji yenye kabonidayoksaidi nyingi, gesi inayoyeyuka majini na kuishusha pH, walikuwa salama siku ya kwanza, lakini walipofikia umri wa kuhamia mwambani waliyafuata maji ya chewa kana kwamba wameitwa. Ikiwa ni kweli, basi bahari ya mwishoni mwa karne hii ingewapeleka samaki wachanga moja kwa moja kwenye kinywa cha adui.

Uchambuzi huu unauchukua mfereji ule na kuupima: unachoweza kuonyesha, unachoweza kudanganya, na kwa nini namba zilizotoka humo zilikuwa safi kupita kiasi.

Kichanga ananusa nini

Kwamba kichanga wa samaki ana pua inayofanya kazi si jambo la kubishaniwa. A. percula huanguliwa akiwa na milimita 3 hadi 4 hivi, na vishimo vyake vya pua tayari vina seli za kunusa. Kinachonuswa ni molekuli zilizoyeyuka: asidi amino zinazovuja kutoka kwenye mizoga na ngozi, chumvi za nyongo zinazotoka na kinyesi, na kemikali maalumu za kiumbe fulani. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 1986. Michio Murata na wenzake walitenga kutoka kwenye anemoni kemikali waliyoiita amfikuemini, wakaonyesha kwamba inamvuta Amphiprion perideraion hata ikiwa moli 10⁻¹⁰ kwa lita, yaani moli moja iliyotawanywa kwenye lita bilioni kumi. Hapo tuna kemikali yenye jina, kiasi kilichopimwa na samaki mwenye mwenyeji wake. Tafiti nyingi zilizofuata hazikufika huko. Ziliishia kwenye "maji ya chewa" au "maji ya majani", na ndani ya ndoo ile kuna mamia ya vitu.

Yapo pia matokeo ya mahali pengine. Mwaka 2007 Gabriele Gerlach, Jelle Atema na wenzao walionyesha kuwa samaki wachanga wa jamii ya Apogonidae huko One Tree Island, kwenye Mwamba Mkuu wa Australia, wanapendelea maji ya mwamba wa kwao kuliko ya miamba ya jirani. Mwaka huo huo Glenn Almany na wenzake, waliotia alama ya isotopu za bariamu kwa vichanga kupitia mama zao kwenye kisiwa cha Kimbe, Papua New Guinea, walikuta kwamba asilimia 60 hivi ya A. percula waliohamia pale walikuwa wamezaliwa pale pale. Samaki aliyepeperushwa na mkondo kwa siku 11 harudi kwa bahati tupu. Pua ni mojawapo ya njia zinazowezekana, pamoja na masikio na macho.

Kwa hiyo wazo la msingi lilikuwa na mashiko. Shida ipo kwenye ukubwa wa matokeo na namna yalivyopimwa.

Mfereji wenyewe

Mfereji uliotumika ni ule unaohusishwa na Atema: kisanduku chenye eneo la uchaguzi la sentimita 13 kwa 4, chenye milango miwili ya maji upande mmoja na tundu la kutokea upande wa pili. Maji hushuka kwa uzito wake kutoka kwenye ndoo mbili zilizoinuliwa, mililita 100 kwa dakika kila upande. Hakuna ukuta katikati ya eneo la uchaguzi. Mikondo miwili hutembea sambamba na kichanga huvuka mpaka apendavyo.

Utaratibu ni wa dakika 9. Kichanga anawekwa katikati, anaachwa dakika 2 azoee, kisha kwa dakika 2 anayeangalia anaandika kila sekunde 5 yuko upande gani. Inafuata dakika 1 ya mapumziko ambamo pande zinabadilishwa, dakika 2 za kuzoea tena, na dakika 2 za kupima tena. Zidisha utaona: uchunguzi 24 kila kipindi, jumla 48 kwa samaki mmoja, na maji mililita 900 ya kila aina. Kubadilisha pande ni muhimu sana, kwa sababu kichanga anayependa kivuli cha kona ya kushoto ataonekana anapenda harufu ya kushoto.

Sasa tuingie ndani ya hiyo dakika moja ya kubadilisha. Chukua kina cha maji cha sentimita 2. Kila upande una upana wa sentimita 2, kwa hiyo unabeba 2 × 2 × 13, yaani mililita 52. Kwa mililita 100 kwa dakika maji yanasogea sentimita 25 kwa dakika, karibu milimita 4 kwa sekunde, na yanachukua sekunde 31 kufika mwisho. Inaonekana dakika moja inatosha karibu mara mbili. Lakini koki za kubadilishia ziko wapi? Kama zipo kwenye ndoo na mpira wa kuleta maji una urefu wa mita 1 na kipenyo cha ndani cha milimita 6, mpira peke yake una mililita 28 za maji ya zamani. Sekunde 17 za kwanza zinakwisha kusukuma hayo. Zinabaki sekunde 43, ambazo ni mililita 72, mara 1.4 tu ya ujazo wa upande. Maji yakisogea kwa mstari mnyoofu hiyo inatosha. Yakizungukazunguka kwenye kona kama yanavyofanya mara nyingi, robo ya maji ya zamani inaweza kuwa bado ipo. Kichanga anaendelea kunusa adui pale ambapo daftari linasema hakuna adui. Dawa yake ni rahisi: weka koki sentimita chache tu kutoka mlangoni, na suuza kwa dakika 3.

Kosa hili, hata hivyo, haliwezi kuleta matokeo makali mno. Likiwepo linayalainisha tu, kwa kuchanganya harufu mbili. Tutalirudia hilo kwenye namba.

Jambo la pili ni rangi. Kila maji yanapobadilishwa hutiwa tone la rangi ya chakula kwenye upande mmoja ili kuona kama mpaka umesimama. Wengi huangalia kutoka juu tu. Angalia na ubavuni. Maji aliyokaa chewa chumbani chenye kiyoyozi yakiwa ya baridi kwa digrii 1 kuliko mengine, au ndoo moja ikiwa imepoteza maji kwa mvuke hadi chumvi ikapanda kidogo, maji mazito yanateleza chini ya mepesi. Kwa mkondo wa milimita 4 kwa sekunde hakuna nguvu ya kuyazuia. Ukiangalia kutoka juu unaona pande mbili zilizonyooka, ukiangalia ubavuni unaona tabaka mbili zilizolaliana. Kichanga anayeogelea chini yuko kwenye harufu moja muda wote, na aliyeandika amemhesabu kulia na kushoto. Ndoo zote mbili zinapaswa kukaa kwenye beseni moja la maji kwa saa kadhaa kabla ya kazi, na chumvi ipimwe kila moja.

La tatu, urefu wa maji kwenye ndoo. Ndoo inavyopungua, mkondo wake nao hupungua. Upande mmoja ukishuka hadi mililita 80 huku mwingine ukiwa 100, mpaka unahama kutoka katikati kwa milimita 2. Ni kidogo, lakini samaki mwenyewe ana milimita 8 au 10, na uamuzi wa "yuko upande gani" unafanywa kwa jicho kwenye mstari huo huo. Ndoo yenye tundu la kumwagia ziada, inayojazwa muda wote na pampu ndogo, inaumaliza mchezo.

Maji ya adui

Hapa ndipo tafiti nyingi huwa na maelezo machache kuliko inavyostahili. Chewa akikaa kwenye ndoo ya lita 20 kwa saa 2, maji yanabeba harufu yake. Akikaa usiku kucha, yanabeba pia amonia, kinyesi, oksijeni iliyopungua na kabonidayoksaidi iliyoongezeka. Kichanga anayeyakwepa anaweza kuwa anakimbia amonia, si adui. Akiwa chewa alilishwa samaki siku iliyopita, kinyesi chake kina mabaki ya walioliwa, na samaki wengi huogopa hayo.

Utafiti wa 2010 ulikuwa na jibu zuri kwa sehemu ya tatizo hili: ulitumia pia maji ya samaki wasiokula samaki, kama kangaja na tasi, ili kutofautisha "harufu ya samaki mkubwa" na "harufu ya adui". Huo ndio ulinganisho unaotakiwa. Unakuwa na maana pale tu uzito wa samaki kwa lita, muda wa kukaa na chakula vinapokuwa sawa kwa wote, na amonia inapimwa kwenye kila ndoo kabla haijaunganishwa.

Kuna na mtego mwingine wa kabonidayoksaidi: maji ya pH 7.8 yakishuka kutoka kwenye ndoo ya wazi yanapoteza gesi njiani. Kichanga aliyelelewa kwenye pH 7.8 anaweza kujaribiwa kwenye pH 7.9 au zaidi bila mtu kujua. Tofauti kati ya 8.15 na 7.8 ni ongezeko la ayoni za hidrojeni mara 2.2, si dogo, kwa hiyo pima mlangoni mwa mfereji na si kwenye tangi. Pima na alkalini pia, yaani uwezo wa maji kuzimua asidi, maana pH peke yake haikuambii kabonidayoksaidi ni kiasi gani.

Namba safi kupita kiasi

Sasa turudi kwenye matokeo. Grafu za miaka ile ya mwanzo zilionyesha vichanga wa kawaida wakikaa karibu muda wote upande usio na adui, na wa kabonidayoksaidi nyingi wakikaa karibu muda wote upande wa adui. Mistari ya kuonyesha mtawanyiko juu ya nguzo ilikuwa mifupi sana.

Jiulize mtawanyiko mdogo kabisa unaowezekana ni upi. Tuseme kichanga anapendelea upande mmoja kwa asilimia 90, na kila moja ya nukta 48 zilizoandikwa kwa samaki mmoja ni uamuzi mpya usiotegemea uliotangulia. Hesabu ya bahati nasibu peke yake inatoa mtawanyiko wa asilimia 4.3 kati ya samaki na samaki, hata kama samaki wote ni sawa kabisa kwa tabia. Lakini nukta za kila sekunde 5 hazijitegemei. Samaki aliye kulia sasa hivi kwa kawaida bado yuko kulia sekunde 5 baadaye. Akiwa anavuka kila baada ya sekunde 20 hivi, nukta 48 zina thamani ya nukta 12, na mtawanyiko unapanda hadi asilimia 8.7. Ongeza sasa tofauti za kweli kati ya samaki: mwenye njaa, aliyeshtuka alipotolewa kwa wavu, mvivu. Ongeza na mabaki ya maji ya zamani baada ya kubadilisha pande, tuliyoyaona juu, ambayo yanavuta kila kitu kuelekea 50. Mfereji huu, kwa maumbile yake, hauna uwezo wa kutoa asilimia 98 kwa kundi zima la vichanga, tena mara kwa mara, bila msaada wa kitu kingine.

Kwa samaki asiye na upendeleo wowote hesabu ni kali zaidi. Nukta 12 zenye thamani zinatoa mtawanyiko wa asilimia 14. Katika vichanga 20 wanaojaribiwa kwa maji yale yale pande zote mbili, utakuta wawili watatu waliokaa asilimia 70 au zaidi upande mmoja. Ndiyo maana jaribio tupu, maji sawa kulia na kushoto, linatakiwa kufanywa kwanza na kuchapishwa kama lilivyo. Kundi ambalo jaribio lake tupu linatoa 50 kamili na mtawanyiko wa asilimia 2 linapaswa kumtia wasiwasi mwenye kundi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Namna nzuri ya kupotosha bila kukusudia ni kuangalia kwa jicho huku ukijua ndoo ipi ina chewa. Samaki aliye juu ya mstari ataandikwa pale mtazamaji anapomtarajia. Namna nyingine ni kumtoa kwenye hesabu kichanga "asiyeogelea vizuri". Wakitolewa watano kati ya 25, na uamuzi ukifanywa baada ya kuona alikaa wapi, wastani unahama sana. Idadi ya waliotolewa na sababu vinapaswa kuandikwa kabla.

Marudio ya 2020

Januari 2020 Timothy Clark wa Deakin University na wenzake sita walichapisha katika Nature matokeo ya kazi ya miaka mitatu: samaki zaidi ya 900 wa aina sita za miamba ya Australia, waliowekwa kwenye kabonidayoksaidi ya kiwango cha mwishoni mwa karne. Walipima kukwepa harufu ya adui, kiasi cha mwendo, na tabia ya kupendelea kugeuka kushoto au kulia. Walirekodi kwa video na kuziweka wazi pamoja na data zote. Hawakuona athari yenye maana. Kisha wakaiga kwa kompyuta, maelfu ya mara, namna data zinavyoweza kutokea, wakaona kwamba mchanganyiko wa athari kubwa mno na mtawanyiko mdogo mno ulioripotiwa awali ulikuwa na uwezekano hafifu mno wa kutokea.

Munday na kundi lake walijibu katika jarida hilo hilo kwamba hayo hayakuwa marudio: aina za samaki si zile, umri si ule, na hakukuwa na vichanga wa A. percula wa siku 11. Hoja hiyo ina uzito. Kichanga anayejiandaa kuhamia mwambani ana pua na homoni tofauti na samaki aliyekwisha hamia, na matokeo ya 2010 yenyewe yalisema athari huonekana kwa umri fulani. Isipokuwa hoja hiyo haijibu swali la mtawanyiko. Umri wa samaki hauelezi kwa nini bahati nasibu ilitoweka kwenye mfereji.

Mwaka 2022 Jeff Clements na wenzake walikusanya tafiti 91 kuhusu asidi ya bahari na tabia za samaki, wakachapisha katika PLOS Biology. Wastani wa ukubwa wa athari, ukipimwa kwa logi asilia ya uwiano kati ya makundi mawili, ulikuwa zaidi ya 5 mwaka 2009 na 2010, na chini ya 0.5 tangu 2015. Logi ya 5 ni uwiano wa mara 148. Hapa msomaji awe mwangalifu kidogo, kwa sababu kipimo hiki hupaa pale kundi moja linapokaribia sifuri: asilimia 0.5 dhidi ya 95 ni uwiano wa mara 190. Sehemu ya kilele cha mwanzo ni ya kihesabu. Hata hivyo hiyo asilimia 0.5 ndiyo namba yenye mashaka tangu mwanzo, na kwamba athari kubwa zilitoka kwenye tafiti zenye samaki wachache, mara nyingi chini ya 30, ni dalili inayofahamika katika kila fani.

Kuna na makala nyingine iliyotumia mfereji wa aina hiyo hiyo. Mwaka 2014 Dixson, David Abrego na Mark Hay waliandika katika Science kwamba samaki wachanga na matumbawe machanga huko Fiji wanatofautisha kwa harufu maji ya hifadhi yenye afya na maji ya mwamba uliojaa mwani. Agosti 2022 Science iliiondoa makala hiyo baada ya University of Delaware, chuo alikofanya kazi Dixson, kueleza kwamba haina tena imani na uhalali wa data zake. Dixson amekanusha kutenda kosa. Uamuzi huo wa jarida ulihusu makala ya Fiji, na hauthibitishi wala haukanushi majaribio ya pH 7.8. Hayo yanasimama au kuanguka kwa data zao wenyewe.

Na ule utaratibu wa ubongo uliopendekezwa? Mwaka 2012 Göran Nilsson, Munday na wenzao walieleza katika Nature Climate Change kwamba samaki aliye kwenye kabonidayoksaidi nyingi hubadilisha uwiano wa bikaboneti na kloridi mwilini ili kutunza pH ya damu. Mabadiliko hayo yanaweza kugeuza kazi ya vipokezi vya GABA-A kwenye ubongo, kutoka kutuliza seli hadi kuziamsha. Gabazini, dawa inayoziba vipokezi hivyo, miligramu 4 kwa lita kwa dakika 30, iliripotiwa kurudisha tabia ya kawaida. Fiziolojia ya bikaboneti na kloridi ni ya kweli na imepimwa kwa samaki wengi. Ushahidi wa tabia, hata hivyo, ulipatikana kwa kifaa kile kile. Utaratibu mzuri wa kueleza jambo hausaidii ikiwa jambo lenyewe halijathibitika.

Jaribio ambalo lingeamua

Jambo la kurudia linajulikana: A. percula, kutoka kwenye yai hadi siku ya 11, pH 8.15 na 7.8, harufu ya chewa. Kwa pwani ya Afrika Mashariki wapo A. allardi na A. akallopisos wanaoweza kufanyiwa kazi hiyo hiyo, mradi isiitwe marudio ya A. percula.

Kipimo cha kujitegemea si samaki, ni uzao. Vichanga 60 wa jozi moja kwenye tangi moja ni sampuli moja yenye kelele nyingi. Chukua jozi sita. Gawa kila uzao mara mbili, nusu kila pH, na kila nusu kwenye matangi mawili ya lita 70 ili tangi bovu lionekane. Chakula kiwe kile kilichotumika 2009, yaani rotifera na artemia, viumbe wadogo sana wa majini: rotifera 5 kwa mililita siku tatu za kwanza, kisha artemia 1 na rotifera 4 siku ya nne, artemia ikiongezwa 1 kila siku hadi iwe artemia 5 peke yake kuanzia siku ya 8. Kwa tangi la lita 70 hiyo ni rotifera 350,000 kwa siku. Kwa matangi manne ya uzao mmoja ni milioni 1.4, na ufugaji wa rotifera ukidondoka siku ya pili uzao wote umekwenda. Vichanga wahamishwe kwa kikombe chenye maji yao. Wavu unang'oa ute na ute uliong'oka ni harufu.

Kwa kila uzao jaribu vichanga 20 wa kila pH, jumla 40. Dakika 3 za kuzoea, 5 za kupima, 3 za kusuuza, 5 za kupima ni 16. Ongeza 4 za kubadilisha samaki na kusafisha, inakuwa 20. Vichanga 40 ni dakika 800, saa 13 na dakika 20. Mfereji mmoja hautoshi kwa siku, na kichanga wa siku ya 11 hawezi kuahirishwa hadi kesho bila kubadilisha swali. Mifereji miwili inaishusha hadi saa 6 na dakika 40. Maji ni lita 3.2 kwa samaki, lita 128 kwa uzao, nusu yake ya chewa, na hizo lita 64 zinapaswa kutoka kwenye tangi moja lililochanganywa, si ndoo mpya kila saa. Kamera iwe juu na nyingine ubavuni. Ndoo zipewe herufi na mtu asiyehusika na kupima, na karatasi ya siri ifunguliwe baada ya video zote kusomwa. Vichanga wa pH mbili wapishane mmoja mmoja kwenye kila mfereji tangu asubuhi hadi wa mwisho. Ukimaliza kundi moja kabla ya chakula cha mchana na jingine jioni, utakuwa umepima njaa na mwanga wa dirishani.